Kikokotoo cha ICM: tathmini ya programu inayopima gharama ya kutolewa mashindanoni

Katika poka ya fedha taslimu, chipu moja ni fedha kamili: mchezaji anaweza kuinuka mezani wakati wowote na kuibadilisha dirishani kwa thamani ileile aliyoinunulia. Mashindanoni hali ni tofauti kabisa. Chipu hazirudishwi, haziuzwi, na hazina thamani nyingine ila nafasi zinazompa mwenye nazo ya kumaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea, na nafasi za juu ndizo zenye zawadi zilizopangwa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila mchezaji wa mashindano hulikuta mapema au kwa kuchelewa: ni wakati gani inafaa kuhatarisha chipu zote ili kujenga rundo kubwa, na ni wakati gani inafaa kutupa karata hata zilizo nzuri ili kubaki hai? Programu ninazozitathmini hapa zimetengenezwa kulijibu swali hilo kwa tarakimu. Zipo kadhaa, zinatofautiana kwa sura na kwa kasi, lakini injini yake ni moja, yaani modeli inayojulikana kwa kifupi kama ICM (Independent Chip Model), inayogeuza chipu kuwa sehemu ya fedha za zawadi. Kwa hiyo nitayasema yanayozihusu zote bila kumtaja mtengenezaji yeyote.

Msingi wa modeli ni mwepesi kuliko sifa yake. Mwaka 1973 mtaalamu wa takwimu David Harville alitoa fomula ya kukadiria nafasi ya kila farasi kumaliza katika kila namba ya mbio, na mwaka 1987 Mason Malmuth akaipeleka hesabu ya namna hiyo kwenye poka. Uwezekano wa mchezaji kuwa wa kwanza huchukuliwa kuwa sawa na sehemu yake ya chipu zote zilizopo mezani. Kisha aliyewekwa wa kwanza huondolewa katika hesabu, na waliobaki wanagawana nafasi ya pili kwa uwiano wa chipu zao, na vivyo hivyo mpaka wa mwisho. Baada ya hapo kila nafasi inazidishwa kwa zawadi yake, na jumla ndiyo thamani ya rundo la mchezaji kwa wakati huo.

Tuchukue wachezaji watatu wenye chipu 5,000, 3,000 na 2,000, na zawadi zilizogawanywa kwa asilimia 50, 30 na 20 ya mfuko wa zawadi. Programu itasema kwamba rundo la kwanza lina thamani ya asilimia 38.39 ya mfuko, la pili asilimia 32.75, na la tatu asilimia 28.86. Mwenye nusu ya chipu zote hana nusu ya fedha, na mwenye sehemu moja ya tano ana zaidi ya robo. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Kiongozi hata akishinda hawezi kuchukua zaidi ya asilimia 50, wakati mwenye rundo dogo, hata akitolewa sasa hivi, ameshajihakikishia asilimia 20. Hivyo chipu ambayo mchezaji anaiongeza huwa na thamani ndogo kuliko chipu anayoipoteza.

Anayetaka kuona programu inafanya kazi gani hasa na aingize hali ya wachezaji wanne wanaolingana, kila mmoja akiwa na chipu 2,500, zawadi zikiwa zilezile za nafasi tatu. Hapa mmoja tu ndiye atakayetoka mikono mitupu. Thamani ya kila rundo ni asilimia 25. Sasa mmoja anaingiza chipu zote, na mwingine anafikiria kumlipia, yaani kuweka chipu sawa na zake ili karata zishindanishwe. Akilipia na kushindwa, anabaki na sifuri. Akishinda, anakuwa na chipu 5,000 na thamani yake inapanda hadi asilimia 38.33, si 50. Anahatarisha 25 ili apate nyongeza ya 13.33. Tukiziacha kando kwa muda blaindi (madau ya lazima, ndogo na kubwa, ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawanywa), anahitaji uhakika wa kushinda wa asilimia 65.2 ndipo malipo yake yasiwe ya hasara, ilhali kwa hesabu ya chipu pekee asilimia 50 ingemtosha. Ree na mfalme za aina tofauti (tuseme moja kopa na nyingine shupaza), mkono ambao wachezaji wengi wangeuingiza bila kupepesa jicho, hushinda takribani asilimia 65.3 dhidi ya karata mbili zozote. Maana yake ni kwamba hata mpinzani anayeingiza kila kitu bila kuangalia karata zake anaufanya mkono huo uwe kwenye mpaka wa faida na hasara, na mpinzani mwenye uangalifu kidogo tu anaufanya uwe wa kutupwa.

Kinachonipendeza zaidi katika programu hizi ni sehemu ya zawadi, ambayo watumiaji wengi huijaza harakaharaka na kusonga mbele. Bakiza wachezaji walewale wanne, chipu zilezile, karata zilezile, kisha ubadilishe zawadi tu. Zawadi yote ikienda kwa mshindi mmoja, kiwango kinachohitajika kulipia kinarudi kuwa asilimia 50, kwa sababu kutolewa wa nne na kumaliza wa pili ni mamoja. Zikilipwa nafasi mbili kwa asilimia 65 na 35, kiwango kinakuwa 56.6. Nafasi tatu za 50, 30 na 20 zinakipeleka kwenye 65.2, kama tulivyoona. Nafasi tatu zinazolipwa sawasawa zinakifikisha 75. Mjadala mrefu wa vijiweni kuhusu mchezaji fulani kuwa mwoga au kuwa jasiri mara nyingi ungekwisha kwa kusoma karatasi ya zawadi iliyobandikwa ukutani, kwa kuwa uamuzi mmoja unaweza kuwa sahihi katika mashindano ya jana na kuwa wa kupoteza fedha katika ya leo.

Blaindi zikirudishwa kwenye hesabu, picha inakuwa karibu zaidi na mchezo wenyewe. Tuseme blaindi kubwa ni 250, kwa hiyo kila mmoja wa wale wanne ana blaindi 10. Wawili wa mwanzo wametupa, mwenye blaindi ndogo ameingiza zote, na mwenye blaindi kubwa anaamua. Akitupa, anabaki na chipu 2,250, na thamani yake inashuka hadi asilimia 23.34. Akilipia na kushinda anapanda hadi 38.33. Kwa hiyo anahitaji ushindi wa asilimia 60.9. Kwa chipu pekee angehitaji asilimia 45 tu, kwani analipa 2,250 kuwania chungu, yaani chipu zote zilizowekwa katikati, cha 5,000, na kwa kigezo hicho hata malkia na mbili za aina tofauti, ambazo hushinda zaidi ya asilimia 45 dhidi ya karata mbili zozote, zingestahili kulipia. Programu inaonyesha kwamba dhidi ya mtu anayeingiza kila mkono, mwenye blaindi kubwa anatakiwa kulipia kwa takribani asilimia 12 ya mikono: jozi kuanzia sita kwenda juu, ree yenye karata kubwa pembeni yake, mfalme na malkia, na mingine michache ya aina moja. Jozi ya tano, ambayo hushinda kidogo tu zaidi ya asilimia 60, inatupwa.

Ukiisoma hali hiyo kutoka kiti cha upande wa pili, unaelewa kwa nini sikubaliani na wanaosema kwamba ICM inafundisha uoga. Mwenye blaindi ndogo anajua kuwa mpinzani wake amefungwa mikono na hesabu ya zawadi. Mara nane na zaidi kati ya kumi atatupiwa karata, na rundo lake litafikia chipu 2,750 zenye thamani ya asilimia 26.57 bila karata hata moja kufunuliwa mezani. Kwa hiyo kanuni ileile inayomwambia mmoja atupe jozi ya tano inamwambia mwenzake aingize chipu zote akiwa na saba na mbili. Kubaki hai na kuhatarisha ni majukumu mawili yanayogawanywa kwa kufuata nani ametangulia kuweka dau. Anayetangulia ana njia mbili za kupata chungu, mpinzani kutupa au karata kumfaa. Anayelipia ana njia moja tu. Sijaona chombo kingine kinacholionyesha jambo hili wazi kama jedwali la programu hizi, linalopaka rangi mikono inayofaa kuchezwa, ambapo upande wa kuingiza umejaa rangi kutoka kona hadi kona na upande wa kulipia una doa dogo kwenye pembe ya juu.

Tofauti inazidi kuwa kali pale marundo yasipolingana. Niliweka chipu 5,000, 2,000, 2,000 na 1,000, zawadi zikiwa zilezile za nafasi tatu. Kiongozi akiingiza zote dhidi ya mmoja wa wenye 2,000, huyu wa kati anahitaji asilimia 72.4 ili alipie. Akiingiza yeye, na kiongozi ndiye anayefikiria kulipia, kiongozi anahitaji asilimia 54.8 tu. Chipu zinazogombaniwa ni 2,000 kwa 2,000 pande zote mbili, lakini gharama ya kushindwa si moja, kwa kuwa wa kati anatolewa huku kukiwa na mtu mwenye 1,000 ambaye huenda angetangulia kutoka, na kiongozi akipoteza bado yumo na chipu 3,000. Ndiyo maana wachezaji wazoefu wakiwa na rundo kubwa katika hatua hii huchukua blaindi za wa kati karibu kila mzunguko, na huwa waangalifu zaidi kwa mwenye rundo dogo, ambaye hana mengi ya kupoteza na atalipia kwa mikono mingi zaidi. Asiyeijua hesabu hii humwona kiongozi kama mtu mwenye bahati ya karata, kumbe karata zake hazijaonekana kwa nusu saa.

Jambo ambalo programu inaliweka mbele ya macho, na ambalo ni gumu kulihisi ukiwa mezani, ni hasara inayowapata wagomvi wote wawili kwa faida ya watazamaji. Waswahili husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mezani hapa mambo ni kinyume, nyasi ndizo zinazonawiri. Katika mfano wa wanne wanaolingana, wawili wakiingiza zote, thamani yao ya pamoja ilikuwa asilimia 50 kabla ya karata kufunuliwa, na baada ya mmoja kutolewa mshindi anabaki na 38.33. Asilimia 11.67 imetoweka mikononi mwao, na kila mmoja wa wale wawili waliokaa kimya ameongezewa 5.83 bila kugusa chipu. Hii pia inaeleza udhaifu wa majibu ya programu pale unapokutana na mpinzani anayelipia ovyo. Kuingiza saba na mbili dhidi yake si tena uamuzi mzuri hata kama jedwali limejaa rangi, kwa sababu jedwali limedhani kwamba naye anaijua bei ya kutolewa. Akikosea yeye, anajiumiza, na anakuumiza wewe pamoja naye. Programu nzuri zinakuruhusu ubadilishe kwa mkono mikono ambayo mpinzani analipia kisha zikukokotolee upya jibu lako. Programu isiyo na uwezo huo siipendekezi hata ikitolewa bure.

Katika mashindano ya satelaiti, ambamo zawadi ni tiketi zinazolingana za kuingilia mashindano makubwa zaidi, programu hutoa majibu ambayo mtu mgeni atadhani ni hitilafu. Wamebaki wachezaji kumi wenye chipu sawa, tiketi ni tisa. Mmoja ameingiza zote na wewe una jozi ya ree, mkono bora kuliko yote. Ukitupa, una takribani asilimia 90 ya tiketi. Ukilipia, jozi ya ree hushinda takribani asilimia 85 dhidi ya karata mbili zozote, na ukishinda huipati tiketi mbili, unaipata moja ileile. Jibu ni kutupa. Hili ndilo jaribio la kwanza ninaloipa kila programu mpya: ikishindwa kusema zitupwe ree katika hali hiyo, zawadi zimeingizwa vibaya au programu haifai.

Lakini modeli ina mipaka, na mtengenezaji mwaminifu huieleza kwenye ukurasa wa kwanza badala ya kuificha. ICM haijui nani atalipa blaindi kubwa mkono unaofuata. Kwake yeye mwenye blaindi tatu ambaye zamu yake ya kulipa imefika na mwenye blaindi tatu ambaye amelipa punde tu wana thamani moja, wakati kila aliyewahi kukaa mezani anajua wa kwanza yuko taabani. Haijui pia nani anacheza vizuri zaidi. Inadhani wote wana ustadi sawa, dhana ambayo hupotosha uamuzi wa mchezaji bora aliyezungukwa na wanaokosea sana. Huyu ana sababu ya kukwepa baadhi ya hatari ambazo hesabu inaziona kuwa za faida ndogo, kwa kuwa atapata nafasi bora dakika kumi baadaye. Wapo wanaoichukua hoja hii na kuinyoosha kupita kiasi mpaka kila uamuzi mgumu unakuwa wa kutupa, kwa kisingizio kwamba wao ni bora kuliko meza nzima. Blaindi zinapopanda kila muda uliopangwa, nafasi bora zinazosubiriwa zinaweza zisifike kabla rundo halijayeyuka, na rundo la blaindi nne halimtishi mtu: uwezo wa kumfanya mpinzani atupe karata, ambao tumeuona ukiwa chanzo kikuu cha faida, umeshapotea.

Kwa upungufu wa kwanza, baadhi ya programu zimeongeza njia ya kuangalia mbele, ambapo kompyuta inacheza mikono kadhaa inayofuata badala ya kuisimamisha meza ilipo. Niliona tofauti yake hasa kwa marundo madogo yanayokaribia kulipa blaindi kubwa: mikono ya kuingiza inaongezeka, kwa kuwa kungoja nako kuna gharama. Gharama ya njia hiyo ni muda. Hesabu ya kawaida ya meza ya wachezaji tisa inahusu mipangilio 362,880 ya kumaliza, na kompyuta ya sasa haioni taabu kwa hilo, lakini kuangalia mbele mikono mitatu au minne kunaweza kukuacha ukinywa maji ukisubiri. Kwa mashindano yenye mamia ya wachezaji waliobaki, hesabu kamili haiwezekani kwa njia hiyo, na programu hutumia makadirio ya kuchezesha bahati mara nyingi kisha kuchukua wastani. Makadirio hayo yanatosha kabisa kwa kazi iliyokusudiwa.

Kuhusu matumizi ya kila siku, skrini kuu ni jedwali la mistari 13 kwa safu 13, lenye aina 169 za mikono ya karata mbili: jozi kwenye mshazari, za aina moja upande mmoja, za aina tofauti upande wa pili. Ukigusa kisanduku unaona faida au hasara ya mkono huo ikipimwa kwa sehemu ya mfuko wa zawadi. Sehemu hii ndiyo ninayoiona kuwa na thamani kubwa kuliko rangi zenyewe, na inasikitisha kwamba programu nyingi zinaificha nyuma ya mguso wa pili au wa tatu. Rangi inasema ndiyo au hapana tu. Tarakimu inakuonyesha kwamba kosa la kutupa mkono fulani linagharimu kidogo mno kiasi kwamba halifai kukunyima usingizi, na kosa la kulipia mkono ulio jirani yake linagharimu mara kumi zaidi. Anayejifunza kwa rangi pekee hukariri mipaka. Anayesoma tarakimu hujua ni makosa gani ya kuogopwa, na kwa kawaida katika ukingo wa zawadi, pale wanapobaki wachache tu wa kutolewa bila kitu, makosa ghali ni ya kulipia, si ya kutupa.

Zipo pia programu zenye sehemu ya mazoezi, ambayo hukuwekea hali, hukuuliza uamuzi na kukupa alama. Inafaa, ingawa hali nyingi zinazoletwa ni za kabla ya karata za katikati kufunguliwa na zinahusu kuingiza zote au kutupa. Mchezo wa marundo ya blaindi 30 au 40 karibu na zawadi, ambapo madau madogo yanaweza kufuatana mpaka karata ya tano, unahitaji programu za daraja jingine zenye hesabu nzito zaidi, na asiyeelewa bado mifano ya blaindi 10 atapoteza muda wake huko.

Je, inafaa mwanzoni mwa mashindano? Kidogo sana. Wachezaji wakiwa wengi na zawadi zikiwa mbali, kuongeza chipu maradufu kunakaribia kuongeza thamani maradufu, na tofauti kati ya hesabu ya chipu na hesabu ya fedha ni ndogo. Wanaocheza kwa hofu ya kutolewa katika saa ya kwanza wanalipia bima wasiyoihitaji bado. Upande wa pili, watetezi wa kubaki hai kwa gharama yoyote hupenda kumtaja Jack Straus, bingwa wa mashindano makuu ya World Series of Poker ya mwaka 1982, ambaye husimuliwa kwamba alibakiwa na chipu moja kabla ya kurudi na kushinda. Ni kisa kizuri, lakini Straus hakushinda kwa kuikalia chipu ile. Aliihatarisha, mara kwa mara, mpaka ikawa rundo. Mashindano yenye zawadi kwa kila kichwa unachokitoa yanavuta uzani upande huohuo wa kuthubutu, kwa kuwa kumtoa mtu kunalipa papo hapo, na programu isiyo na sehemu ya kuingiza zawadi hizo itakupa majibu ya kubana kupita inavyotakiwa.

Kuna tahadhari moja ya kanuni. Programu hizi ni za kujifunzia kabla na baada ya mchezo. Majukwaa ya poka ya mtandaoni hupiga marufuku kuomba jibu la programu wakati mkono unaendelea, na wanaokamatwa huweza kufungiwa akaunti. Hata bila katazo hilo, mtu anayetegemea skrini hajifunzi kuhisi tofauti ya 54 na 72, na hiyo ndiyo ujuzi anaoulipia.

Matumizi ya mwisho ambayo watu huyasahau ni makubaliano ya kugawana zawadi kwenye meza ya fainali. Mara nyingi hupendekezwa kila aliyebaki apewe zawadi ya chini kabisa, kisha kilichobaki kigawanywe kwa uwiano wa chipu. Pendekezo hilo linasikika kuwa la haki na humpendelea mwenye rundo kubwa. Katika mfano wetu wa 5,000, 3,000 na 2,000, ugawaji huo unatoa asilimia 40, 32 na 28, wakati ICM inatoa 38.39, 32.75 na 28.86. Na mmoja akiwa na chipu 9,000 kati ya 10,000, ugawaji wa kufuata chipu unampa asilimia 56 ya mfuko, zaidi ya zawadi yenyewe ya mshindi wa kwanza, jambo ambalo programu yoyote ya ICM, hata ile ya bure isiyo na jedwali wala mazoezi, haitalikubali.